Ajali Haina Kinga? Kisa cha Tonge na Makao ya Wazee

Kila muhula nisahihishapo insha za wanafunzi wa kidato cha pili, hukutana na methali ileile imekaa kitako katika sentensi ya mwisho: ajali haina kinga. Basi limebingiria, ajali haina kinga. Mtoto ametumbukia katika kisima kisichokuwa na kifuniko, ajali haina kinga. Bweni limeteketea huku madirisha yake yametiwa vyuma na mlango umefungwa kwa nje, na mwandishi, baada ya kutuliza kurasa mbili nzima, anaifunga kazi yake kwa maneno hayo matatu kana kwamba ni muhuri wa hakimu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikizitia insha hizo alama ya vyema. Methali imetumiwa mahali pake, nilijiambia, na lugha ina ladha.

Siku hizi kalamu yangu nyekundu husita hapo. Sababu ya kusita kwake ni kipande cha mkate.

Mwaka 2011, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, alifariki dunia katika makao ya kutunzia wazee ambayo sitayataja jina. Alikuwa na umri wa miaka 78. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wa kulia wa mwili wake na kuuacha mdomo umepinda kidogo. Sisi watoto wake, wa kuzaa na wa kulea, tulikuwa tumetawanyika mijini tukitafuta riziki, na baada ya vikao vitatu vya jamaa tulikubaliana kumpeleka pale na kuchanga ada ya kila mwezi. Jumatano moja saa kumi alasiri aliketishwa barazani pamoja na wenzake, akapewa chai na slesi mbili za mkate mkavu. Wazee walikuwa 14, mhudumu alikuwa mmoja. Mhudumu huyo aliitwa ndani kumbadilisha nguo mzee mwingine. Aliporejea, Mama Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyesinzia, na chai ilikuwa imemwagika mapajani mwake. Hapana aliyesikia kelele wala kikohozi.

Msimamizi wa makao alinipigia simu jioni hiyo. "Pole sana, Mwalimu. Mama alipaliwa na mkate. Ni kazi ya Mungu, na ajali haina kinga." Nami, msomaji, nilimshukuru. Nilimshukuru kwa muda wote waliomtunza, kisha nikauliza habari za mochari. Hati ya kifo ilipotoka ilikuwa imeandikwa kiharusi.

Lugha yetu ina maneno mawili hapa ambayo ningependa walimu wenzangu wayatenganishe madarasani. Kupaliwa ni chakula au kinywaji kuchukua njia isiyokuwa yake, mtu akakohoa kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Kusakamwa ni tonge kukwama kooni na kuziba pumzi. Anayepaliwa husikika hata jikoni, ilhali anayesakamwa huwa kimya, kwa kuwa sauti ni pumzi na pumzi haipo. Msimamizi alitumia neno la kwanza kulieleza jambo la pili, na kwa hiyo kwa muda wa miaka mingi niliamini kwamba siku ile palikuwa na kukohoa, na watu kukimbia, na jitihada fulani iliyoshindwa. Hapakuwa na lolote katika hayo. Palikuwa na kimya cha baraza lenye wazee 13 waliokuwa wakinywa chai.

Kumeza ni kitendo tukifanyacho mamia ya mara kwa siku bila kukiwaza. Kooni mna njia mbili zilizopakana: umio, upelekao chakula tumboni, na bomba la hewa, lipelekalo pumzi mapafuni. Mtu amezapo, koromeo huinuka, kifuniko kidogo cha nyama huufunika mlango wa hewa, pumzi husita kwa nukta moja, na tonge hupita juu ya mlango uliofungwa. Kifuniko hicho huitwa kidakatonge, jina ambalo wengine hulitumia kwa kile kimio kining'iniacho nyuma ya ulimi, lakini ambalo mimi naliona linafaa zaidi hapa, kwani ndipo tonge lidakwapo lisiende kusikotakiwa. Kazi hii yahitaji misuli mingi kutii amri kwa mpangilio na kwa haraka. Kiharusi huvuruga amri hizo. Maradhi ya Parkinson huzichelewesha. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu huenda akaujaza mdomo chakula akasahau kwamba kinatakiwa kutafunwa. Ongeza meno yaliyong'oka, mate yaliyopungua, na zile dawa za usingizi ambazo wazee hupewa ili wasisumbue usiku, nawe utaelewa kwa nini kipande cha mkate ambacho kijana wa kidato cha pili hukimeza akiwa anakimbia chaweza kumwua bibi yake aliyeketi.

Ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Kumbadilisha mzee nguo huchukua zaidi ya hizo.

Kwamba hati ya kifo cha Mama Mkubwa ilitaja kiharusi si ajabu kama nilivyodhani. Mwaka 1963 daktari mchunguzi wa maiti huko Florida, Marekani, aitwaye Haugen, aliandika juu ya watu waliokuwa wakianguka ghafla mikahawani na kukata roho, ambao kila mtu aliamini kuwa mioyo yao ilisimama. Walipopasuliwa walikutwa na mapande ya chakula kooni. Ikiwa mtu mzima mwenye afya aweza kufa mezani mbele ya umati na sababu isijulikane, itakuwaje kwa mkongwe mwenye maradhi manne aliyekwisha kutazamiwa kufa? Mahali ambapo vifo hivi huchunguzwa kwa sheria, hesabu yake huonekana. Watafiti wa Australia walipopitia vifo vya wakazi wa makao ya wazee vilivyochunguzwa kisheria kati ya mwaka 2000 na 2013, walikuta vifo 3,289 ambavyo havikutokana na maradhi bali na mambo ya nje. Kuanguka kulikuwa mbele kwa mbali sana, na kusakamwa kulifuata kwa vifo 261. Hiyo ni nchi yenye watu wa kuhesabu. Sisi hatuna hata daftari.

Mimi nisingeyajua haya kama si mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfunza Kiswahili miaka minne, na mwaka 2022 alikwenda Uingereza kuwa mhudumu katika makao ya wazee, pale serikali ya nchi hiyo ilipowafungulia mlango wahudumu wa kutoka ng'ambo, mlango ambao ilikuja kuufunga kwa waajiriwa wapya walio nje Julai 2025. Jumapili moja alinipigia simu kunijulia hali, na mazungumzo yakatufikisha kwa Mama Mkubwa, ambaye alimfahamu kwa kuwa alikuwa akija nyumbani kwetu kusomea.

"Mwalimu, samahani nikuulize," alisema. "Baada ya kile kiharusi, alikuwa akikohoa anapokunywa chai?"

Nilinyamaza. Ndiyo, alikuwa akikohoa. Krismasi ya mwisho aliyokaa nasi alikohoa karibu kila alipopiga funda, na baadaye sauti yake ilikuwa na majimaji, kama mtu azungumzaye akiwa na kitu kooni. Tulimpigapiga mgongo tukimtania kwamba chai ya siku hizi haimpendi. Nilipoijaza fomu ya kumwingiza makaoni, mahali palipouliza maradhi niliandika kiharusi na shinikizo la damu. Kikohozi cha chai sikukiandika, kwa kuwa sikujua kwamba ni ugonjwa. Fomu nayo haikuuliza jinsi mgeni alavyo.

"Huku hilo ndilo jambo la kwanza kuulizwa," aliniambia kwa upole, akihofu kunitonesha. Kisha akanieleza. Mzee aingiapo makaoni, nesi humtazama akila na kunywa. Akionekana kuwa na shida huitwa mtaalamu wa usemi na umezaji, ambaye hupima na kuandika ni chakula cha namna gani anachoweza kumeza kwa salama. Siku hizi hutumia vipimo vya kimataifa vyenye ngazi 8, kuanzia 0 ambayo ni maji matupu, hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Uingereza ilikuwa imevipokea kufikia Aprili 2019. Jambo lililonivutia ni kwamba ngazi hizo hazipimwi kwa mashine yoyote. Hupimwa kwa uma. Chakula cha ngazi ya 6 kwa mtu mzima hakina budi kuwa na vipande visivyozidi sentimeta moja na nusu, na ukikigandamiza kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe, kipondeke na kisirudi katika umbo lake. Cha ngazi ya 5 huwa kimesagwa katika chembe za milimita 4, ambayo ndiyo nafasi iliyo kati ya meno ya uma wa kawaida. Vinywaji navyo hufanywa vizito kwa unga maalumu ili vishuke polepole na kumpa mzee nafasi ya kuufunga mlango wa hewa.

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo nilisimama zaidi katika jambo jingine alilonidokezea. Kwa miaka mingi hospitali na makao ya huko yalikuwa yakiandika katika majalada kwamba mgonjwa fulani apewe "chakula laini". Juni 2018 wakuu wa afya wa England walitoa tahadhari ya kutaka maneno hayo yaachwe, baada ya wagonjwa kudhurika kwa kuwa kila mtu aliyafasiri kivyake. Kwa mpishi, laini ni kitu kisicho kigumu. Kwa nesi, ni kilichopondwa. Kwa mhudumu wa zamu ya usiku, ni mkate uliokatwa pembe. Hebu nawe, msomaji, jiulize neno laini lina maana gani kwa Kiswahili. Chapati ya mamako ni laini. Ugali wa sembe ni laini. Ndizi ni laini, na nyama iliyochemshwa tangu asubuhi nayo ni laini. Katika hizo ni ipi utakayompa mtu asiyeweza kumeza sawasawa? Sisi husahihisha matumizi ya vivumishi kwa kuhesabu alama, nusu hapa na nusu pale. Sijapata kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kivumishi chaweza kumziba mtu pumzi.

Usidhani kwamba huko ni peponi. Februari 2015 ilikuwa imetolewa tahadhari nyingine, baada ya mkazi wa makao kufa kwa kuula mkavu ule unga wenyewe wa kufanyia vinywaji vizito, uliokuwa umeachwa karibu naye. Dawa ya kuzuia kusakamwa ikamsakama! Tume inayokagua makao ya England ilipewa nguvu zaidi za kushtaki Aprili 2015, na tangu hapo yapo makao yaliyofikishwa mahakamani na kutozwa faini kwa wazee waliolishwa vyakula ambavyo majalada yao wenyewe yaliwakataza kupewa. Karatasi imo kabatini, sahani imo mezani, na kati ya kabati na meza hapana aliyetembea. Mwanafunzi wangu alikiri kwamba siku za Jumamosi na Jumapili, wahudumu wawili wanapougua na kampuni ikakataa kulipa wa kushika zamu, yeye huwalisha wazee sita peke yake, akimtia huyu kijiko na kumgeukia yule. "Naomba Mungu nisije nikawa mimi," alisema. Hofu hiyo ina haki yake, kama nitakavyoonyesha.

Desemba 2013, katika makao ya wazee yaliyoko mkoa wa Nagano nchini Japani, mkazi mwenye umri wa miaka 85 alipewa andazi la mviringo, ile donati, wakati wa vitafunio vya alasiri. Alizimia akiwa mezani, na Januari 2014 akafa hospitalini. Siku chache kabla ya tukio hilo makao yalikuwa yameamua kwamba mzee huyo asipewe tena vitafunio vigumu, bali vya namna ya jeli. Nesi msaidizi aliyempa andazi hakuwa na habari ya mabadiliko hayo. Alikuwa amekuja kusaidia katika ugawaji, na dakika ile alikuwa akimlisha mzee mwingine. Waendesha mashtaka hawakuishtaki kampuni wala mkurugenzi. Walimshtaki yeye, kwa jina lake, kosa la jinai la kusababisha kifo kwa uzembe kazini. Machi 2019 mahakama ya wilaya ilimtia hatiani na kumtoza faini ya yeni 200,000. Wauguzi wa nchi nzima walilia kwa hasira, na sahihi za kumtetea zikafikia mamia ya maelfu. Julai 2020 Mahakama Kuu ya Tokyo iliitengua hukumu hiyo na kumwachilia.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi nikijaribu kujua mimi ningehukumu vipi. Nafsi moja hufurahi kwamba aliachiliwa. Mtu aliyekuwa akimlisha mkongwe kwa mkono wake, asiyejulishwa kwamba amri imebadilika, huyo si mzembe. Ni mtu aliyefikiwa na andazi kabla ya kufikiwa na habari. Nafsi nyingine huuliza: basi ni nani? Sheria ya jinai hutafuta mkono mmoja, na mkono ulioshika sahani ndio huwa karibu kuliko yote. Aliyeamua idadi ya wahudumu, aliyeamua kwamba mabadiliko yaandikwe katika daftari ambalo wasaidizi wa alasiri hawalifungui, aliyepanga kwamba vitafunio vyote vitoke jikoni katika sinia moja, hao wako mbali na meza. Ndiyo maana nilipoikumbuka Jumatano ile ya mwaka 2011 sikumkasirikia mhudumu aliyeingia ndani kubadilisha nguo. Nilimkasirikia aliyefanya hesabu ya mmoja kwa 14 akaiona inatosha, kwa kuwa hesabu hiyo ilifanywa penye kalamu na wakati wa kufikiri.

Huko Marekani wamepigania hesabu hiyo kwa miaka. Sheria ya mwaka 1987 ilitaka makao yawe na wahudumu wa kutosha bila kusema ni wangapi. Mwaka 2003 serikali iliruhusu walishaji wa kulipwa wenye mafunzo ya saa 8 tu. Mwaka 2024 ilitangaza kiwango cha saa 3.48 za uangalizi kwa kila mkazi kwa siku, na mwaka 2025 mahakama ikakitupilia mbali baada ya wenye makao kulalamikia gharama.

Kuna hoja moja ya watetezi wa yule nesi wa Japani ambayo siwezi kuipita. Walisema kwamba tukimfunga jela au kumtoza faini kila amlishaye mzee, makao yote yatawalisha wazee uji uliosagwa mpaka mwisho wa siku zao, ili watu wa ofisini walale usingizi. Huo nao ni ukatili. Mama Mkubwa aliupenda mkate. Aliupenda uliokauka, wenye ukoko, wa kuchovya, na nina yakini kwamba kama angeulizwa achague kati ya mkate wenye hatari na miaka mitano ya uji, angenitazama kwa lile jicho lake na kuniuliza ni lini nilikuwa mjinga. Wajapani wenyewe kila Mwaka Mpya hula keki za mchele zinatazo ziitwazo mochi, na kila Mwaka Mpya baadhi ya wazee hufa nazo kooni, na idara ya zimamoto ya Tokyo huwasihi watu wazikate vipande vidogo. Haiwaambii waziache. Lakini kati ya kumnyima mzee mkate na kumwacha na slesi mbili kavu bila mtu wa kumtazama, pana njia pana ya kutosha: kuuchovya mkate katika chai hadi ulainike, kuukata vipande, kumketisha wima, kumpa kipande kimoja na kungoja ameze ndipo apewe cha pili, na kuwepo. Hili la kuwepo ndilo linalogharimu fedha.

Wanasheria wana kipimo chao cha kutenganisha ajali na uzembe, nacho hakikutungwa jana. Mwaka 1928 mwanamke mmoja huko Paisley, Uskoti, alikunywa soda ya tangawizi iliyosemekana kuwa na konokono aliyeoza ndani ya chupa. Kesi yake ilifika katika Baraza la Malodi la Uingereza, na mwaka 1932 Lord Atkin akatamka kwamba mtu anawajibika kujihadhari asimdhuru jirani yake, na jirani ni yule ambaye ungepasa kumfikiria unapotenda au unapoacha kutenda. Kila mwanafunzi wa sheria nchini Kenya huijua kesi hiyo. Mimi huuliza tu: je, mtu mwenye akili za kawaida angeweza kulitazamia jambo hili? Mzee wa kiharusi, mdomo umepinda, anayekohoa kwa chai, amepewa mkate mkavu, hana wa kumtazama. Radi iliyopiga mti hatukuitazamia. Hili lilikuwa na dalili zake zote mezani, na mawingu yalikuwa yametanda tangu Krismasi.

Kwetu Kenya, wengi wa wazee wetu hawako makaoni. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na walio wengi wanaishi nyumbani, pamoja na wajukuu na msaidizi wa nyumbani ambaye pengine ana umri wa miaka 19 na hajaonyeshwa lolote zaidi ya mahali panapowekwa dawa. Makao ya wazee yapo, mengine ya watawa, mengine ya serikali za kaunti, mengine ya watu binafsi, na yataongezeka kadiri vijana wanavyohamia mijini na ng'ambo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Maneno ni mazuri. Lakini heshima ya mkongwe, kwa sehemu kubwa ya siku, hupimwa kwa kijiko.

Nasi tuna vyakula vyetu vya kuangaliwa. Githeri, kwa mfano, ni mtihani mgumu kwa asiyekuwa na magego: punje ya mahindi ina ganda lisilopondeka, na maharagwe yana mchuzi wake, kwa hiyo mdomo hutakiwa kushughulikia kigumu na majimaji kwa wakati mmoja. Ugali mgumu hunata na kujifinyanga kooni. Nyama ya kuchoma hata vijana huishindwa. Chapati iliyolala hutafunika kama ngozi. Bibi zetu walijua jambo hili, na ndiyo maana mahindi na maharagwe hayohayo hupondwapondwa pamoja na viazi na mboga yakawa mukimo. Sioni sababu ya mtaalamu wa lishe wa kaunti kushindwa kuchukua uma na kupima vyakula hivi kimoja kimoja, akaandika karatasi moja kwa Kiswahili chepesi ya kubandikwa jikoni.

Tena kuna jambo la mikono. Katika shule yetu wapo walimu 31, na nilipouliza ni wangapi wanaojua la kumfanyia mtu aliyesakamwa, mikono miwili iliinuka, mmoja wao ni wa aliyependekeza apewe maji. Maji hayana pa kupita! Msalaba Mwekundu hufundisha hivi: akiwa bado anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele, umpige mapigo matano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Lisipotoka, simama nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu kwa nguvu mara tano, kisha rudia. Akizimia, mlaze chini, ita msaada, uanze kumgandamiza kifua. Mbinu hiyo ya tumbo aliieleza daktari Mmarekani Henry Heimlich mwaka 1974. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 96 na yeye mwenyewe akiishi katika makao ya wazee mjini Cincinnati, mama wa miaka 87 alisakamwa na kipande cha nyama katika meza aliyoketi. Mzee huyo aliinuka, akamzunguka, akavuta, na nyama ikaruka. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Ikiwa mikono ya miaka 96 iliweza, ya walimu 31 ina udhuru gani?

Mwaka 2024 nilijipa moyo nikarudi katika makao yale. Sikwenda kuteta. Nilitaka kuliona baraza. Msimamizi ni mwingine, mama mpole aliyenikaribisha chai, na saa kumi ilipofika wazee walitolewa nje. Wahudumu walikuwa wawili, nao waliketi. Niliomba kuiona jikoni, na pale juu ya meza ya kukatia mboga nikaona karatasi iliyobandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono: majina ya wazee saba, na mbele ya kila jina maneno machache. Huyu akatiwe vipande. Huyu asipewe mkate mkavu. Huyu aketi wima nusu saa baada ya kula. Nilimwuliza mpishi ni mtaalamu gani aliyewaandikia. Akasema ameiandika mwenyewe, na kwamba huibadilisha mgeni aingiapo.

"Ulianza lini?" nilimwuliza.

"Mwaka 2016, Mwalimu. Kuna mzee alisakamwa na mkate hapo barazani."

"Akapona?"

Mpishi alitikisa kichwa, akaendelea kumenya viazi. Nami nilisimama pale nikihesabu miaka: ilikuwa mitano tangu jioni ile niliyomshukuru msimamizi kwa simu, nisimwulize hata swali moja.